Ndani ya Pigo Moja la Kiki

Ukichukua wimbo wa Bongo Fleva uliotoka karibuni, ukaufungua kwenye kompyuta na kukata pigo moja tu la kiki, yaani ile ngoma ya chini inayokugonga kifuani, utabaki na kipande cha sauti ambacho mara nyingi hakifiki hata nusu sekunde. Kikuze mpaka kijaze skrini. Mwanzoni kabisa, ndani ya milisekunde tano au kumi za kwanza, utaona vistari vyembamba vilivyosongamana: huo ni mlio mkali wa kitu kigumu kikigonga ngozi. Baada yake yanakuja mawimbi mapana kiasi, tumbo la ngoma lenyewe. Halafu unafuata mkia, mawimbi makubwa yanayokwenda polepole yakipungua kimo hadi yaishe. Sikio linasikia “du” moja. Aliyeitengeneza anajua kwamba hapo mara nyingi kuna sauti mbili au tatu zilizotoka pande tofauti kabisa za dunia, zikapandanishwa kwa usahihi wa sehemu ya elfu ya sekunde.

Kazi hiyo haionekani kwenye video wala haiulizwi kwenye mahojiano. Mtangazaji atamuuliza msanii kuhusu mashairi, mavazi na mahusiano. Prodyuza atakumbukwa kwa lakabu yake inayosikika mara moja mwanzoni mwa wimbo. Lakini mtu aliyeingia ukumbini bila kuujua wimbo, bila hata kuielewa lugha yake, huitikia ngoma kwanza. Ninaamini ufundi huu unastahili kujadiliwa kwa uzito uleule tunaoupa utunzi. Na kanuni yake kubwa inapingana na wanavyofanya vijana wengi wanaoanza: kila sauti unayoiongeza lazima iwe na kazi ambayo hakuna nyingine inayoifanya, na ikishapewa kazi hiyo, inyang’anywe kila kilichobaki.

Asili ya kupandanisha sauti ni upungufu wa mashine. Mwaka 1980 zilitokea mashine mbili za ngoma zilizokuwa na kasoro zinazokamilishana. Roland ya Japani ilitoa TR-808, ambayo haikuwa na ngoma yoyote iliyorekodiwa ndani yake. Sauti zote zilizalishwa na saketi za umeme, na kiki yake ilikuwa wimbi la chini linalolia na kufifia taratibu, lenye mkia mrefu kuliko ngoma yoyote ya ngozi. Mwaka huohuo, nchini Marekani, Roger Linn alitoa LM-1, iliyobeba ngoma halisi zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye vifaa vya kumbukumbu. Iliuzwa dola 4,995, na hata kwa bei hiyo haikuwa na tasa kubwa la dramu, kwa sababu mlio wake mrefu ungekula kumbukumbu nyingi mno. Moja ilikuwa na uzito bila ngozi. Nyingine ilikuwa na ngozi na kijiti lakini nafasi yake ilikuwa finyu.

Katikati ya miaka ya 1980 Marley Marl, prodyuza wa Queens mjini New York, alikuwa akinasa kipande cha santuri ya zamani kwenye mashine ya sampuli, na pigo la snea, ngoma ya mlio mkali, likaingia pamoja na alichokuwa akikitafuta. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyoligonga pigo lile peke yake na kutambua kwamba ngoma yoyote, ya mpigaji yeyote, kutoka santuri yoyote, sasa inaweza kung’olewa mahali pake na kupandwa kwingine. Baada ya hapo ikawa kawaida ya hip hop ya New York: ngozi na chumba kutoka santuri ya miaka ya 1960 au 1970, uzito wa chini kutoka TR-808, vyote vikipiga kwa wakati mmoja. Mwaka 1987 ikaja SP-1200 ya E-mu, mashine yenye nafasi ya takriban sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Watu walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiwe kifupi, kisha wakakirudisha chini ndani ya mashine. Ule ukakasi uliobaki kwenye sauti ndio ambao leo plagini nyingi zinauzwa kwa ahadi ya kuuiga.

Kwetu Tanzania, mabadiliko makubwa yaliletwa na kompyuta. FruityLoops, programu iliyoanzia Ubelgiji mwaka 1997 na ambayo sasa inaitwa FL Studio, iliweka mashine ya ngoma mikononi mwa kijana asiye na uwezo wa kununua hata kinanda. Zile studio zilizolea Bongo Fleva, MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani zikiwemo, zilikua katika kipindi hicho ambacho kompyuta ilikuwa ikichukua nafasi ya vifaa vizito. Leo laptopu moja inabeba maelfu ya kiki na snea, folda kwa folda, zinazohama kutoka mkono hadi mkono kwa flashi. Uhaba uliomfundisha mtu wa SP-1200 kuchagua umekwisha. Wingi huo ndio unaowaangusha wengi.

Afrika Mashariki ilikuwa na mpangilio huu wa kila sauti kuwa na kazi yake kabla ya umeme kufika, na mfano wake ulio wazi zaidi uko Burundi. Katika ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2014, ngoma hupangwa nusu duara kuzunguka ngoma moja ya kati, inkiranya. Idadi yake huwa witiri daima. Baadhi yake, amashakwe, hushikilia mdundo usiokatika. Nyingine, ibishikizo, humfuata aliye katikati. Anayesikiliza kwa mbali hupata ngurumo moja nzito, lakini ndani yake kila ngoma ina zamu na wajibu, na hakuna mpigaji anayejaribu kufanya kazi ya mwenzake. Rekodi ya wapigaji hao wa Burundi, iliyotolewa Ufaransa na Ocora mwishoni mwa miaka ya 1960, ilisafiri mbali: mwaka 1975 Joni Mitchell, mwanamuziki wa Kanada, aliiweka kwenye mzunguko wa utepe na kujenga juu yake wimbo wa “The Jungle Line”. Hiyo ilikuwa miaka kumi na zaidi kabla ya SP-1200. Mtu akikuambia kwamba sampuli ya ngoma ni jambo la kigeni tulilolipokea, mkumbushe kwamba miongoni mwa ngoma za mwanzo kabisa kutumiwa hivyo zilikuwa zimepigwa Burundi.

Sasa turudi kwenye meza ya studio, tutengeneze kiki moja.

Prodyuza mwenye subira haanzi kwa kukusanya. Anaanza kwa kuuliza wimbo unakosa nini. Huenda amepata kiki yenye tumbo zuri, inayojaza chumba, lakini gitaa na kinanda vikiingia haionekani tena ilipo. Hapo hahitaji kiki ya pili. Anahitaji milisekunde kumi za mgongano: mlio wa kijiti kwenye ubao, kidole kikigonga kibuyu, hata mlango wa kabati ukifungwa, mradi una ukali kati ya Hz 2,000 na 5,000. Anaichukua sauti hiyo, anakata kila kitu kilicho chini ya Hz 200 au 300, anafupisha mkia wake mpaka ubaki mgongano tu wa mlio, kisha anaishusha hadi isisikike kama kitu cha peke yake. Ukiizima, kiki inarudi nyuma ya gitaa. Ukiiwasha, inatoka mbele. Kazi yake ni hiyo tu.

Wengi hukwama kwenye jambo ambalo macho hayalioni kirahisi. Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Wimbi la Hz 50, ambalo ni eneo la kawaida la kiki nzito, huchukua milisekunde 20 kukamilisha safari moja ya kusukuma na kuvuta. Chukua kiki mbili zenye mawimbi ya aina hiyo na nguvu sawa. Zikianza pamoja, zikasukuma pamoja, nguvu zao zinaungana na kipimo kinapanda kwa desibeli 6. Lakini ya pili ikichelewa milisekunde 10 tu, ya kwanza itakuwa inasukuma wakati ya pili inavuta, kama watu wawili waliosimama pande mbili za mlango mmoja, kila mmoja akiusukuma upande wake. Mlango hauendi popote. Umebandika kiki mbili kubwa na umepata kiki ndogo kuliko zote mbili.

Kinachotokea baada ya hapo nimekishuhudia katika studio nyingi za mitaani. Kijana anasikia uzito umepungua, anadhani sauti hazitoshi, anaongeza ya tatu. Nayo inagongana na zilizotangulia kwa namna yake. Anapandisha besi kwenye ikolaiza, spika zinaanza kunung’unika, na bado kifua hakigongwi. Anaishia kulaumu spika. Tiba ingemchukua dakika moja. Ni kukuza mawimbi kwenye skrini, kuangalia kama vilima vya sauti moja vinakutana na vilima vya nyingine, na kusogeza moja kwa milisekunde mbili au tatu huku ukisikiliza mahali uzito unapojaa. Programu karibu zote zina pia kitufe kinachogeuza wimbi zima, kilima kiwe bonde na bonde liwe kilima. Kibonyeze. Upande wenye besi nyingi ndio upande sahihi, hata kama picha ya skrini inakuambia vingine. Na kwa kuwa ikolaiza yenyewe husogeza mawimbi kidogo inapokata masafa, ukaguzi huu hurudiwa kila baada ya kukata. Fundi mzuri huufanya pia akiwa ameunganisha kushoto na kulia kuwa njia moja, kwa sababu simu nyingi, na spika nyingi za baa, ndivyo zitakavyoucheza wimbo wake.

Njia ya uhakika zaidi ni kuzuia ugomvi usiwepo: sauti moja tu ndiyo imiliki chini. Kama mkia wa TR-808 ndio uliochaguliwa kubeba uzito, basi kila kilicho juu yake kipoteze besi yake yote. Inauma. Kiki ya dramu halisi uliyoipenda kwa tumbo lake inabaki na mwili mdogo tu, kama Hz 120 kupanda juu. Sikiliza pamoja, usiisikilize peke yake. Kosa la kuhukumu kila tabaka likiwa pekee ndilo linalozaa biti ambazo kila ngoma ndani yake ni nzuri na mdundo mzima haunyanyuki.

Kisha kuna noti. Watu husahau kwamba kiki yenye mkia mrefu inaimba. Noti ya A ya chini ni Hz 55, G ni Hz 49. Wimbo ukiwa kwenye A na kiki ikawa inalia kwenye Hz 52, iko nusu toni chini ya besi, na chumba kinajaa ukungu ambao hakuna ikolaiza itakayoufuta. Kuipandisha kiki nusu toni ni kazi ya kubofya mara moja. Wapiga ngoma wa jadi wanaozipasha ngoma moto kabla ya kuanza, wakigonga na kusikiliza mpaka ngozi ikaze panapotakiwa, wanafanya jambo hilohilo, na hawaanzi mpaka limekamilika.

Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, inaweka mtihani ambao vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwa ajili ya hip hop haviujibu. Fanya hesabu. Dakika ina milisekunde 60,000. Wimbo wa taratibu wa mapigo 100 kwa dakika unaipa kila kiki milisekunde 600 za kupumua kabla ya pigo linalofuata. Singeli huanzia mapigo 200 na mara nyingine hukaribia 300. Kwenye mapigo 240, nafasi kati ya pigo na pigo ni milisekunde 250, na ukiigawa mara nne, kama mpangilio wa singeli unavyopenda kufanya, unabaki na milisekunde 62 na nusu. Ndani ya muda huo wimbi la Hz 50 linapata nafasi ya kuzunguka mara tatu tu. Sikio halijaanza kulitambua, tayari jingine limefika. Ule mkia wa TR-808 unaotikisa wimbo wa taratibu, kwenye singeli unageuka matope.

Hivyo singeli inadai kiki ya namna nyingine kabisa, fupi na kavu, yenye kitovu kilichopanda hadi Hz 80 au 100, ambako wimbi moja linamalizika ndani ya milisekunde 10 hadi 12 na nusu. Tabaka la mgongano linakuwa na uzito kuliko tabaka la mkia. Uzito wa chini, ukihitajika, hupewa kitu kingine kinachopiga mara chache, kwa mfano mwanzo wa kila mzunguko. Vijana waliokuza mtindo huu Manzese, Tandale na Mburahati waliyapata majibu haya kwa masikio, wakijaribu nyimbo zao kwenye vigodoro, yaani sherehe za mitaani, mbele ya spika za kukodi na watu waliokuja kucheza mpaka alfajiri. Mkusanyiko wa “Sounds of Sisso”, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliwafikia wasikilizaji wa Ulaya waliobaki wakijiuliza mdundo wa kasi ile unawezaje kusikika safi. Sehemu kubwa ya jibu ni kukata mikia.

Spika za kigodoro zinatoa besi. Simu haitoi. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa ya Hz 50, kwa hiyo kiki nzito iliyotengenezwa kwa spika kubwa hupotea yote mtu anapousikiliza wimbo kwenye bajaji kwa simu ya dereva. Dawa yake iko kwenye tabia ya ubongo. Wimbi la Hz 50 likikwaruzwa kidogo kwa kifaa cha kulichafua, huzaa watoto: Hz 100, 150, 200, na kuendelea juu. Simu inawacheza wale watoto wa juu, na ubongo, ukiwasikia wamepangana hivyo, unamjaza mzazi ambaye hayupo. Hivyo mafundi wengi huweka nakala ya pili ya kiki ileile, huikwaruza kwa nguvu, huikata chini yote, na kuichanganya kidogo sana chini ya ile safi. Ukumbini hakuna anayeisikia, na kwenye simu ndiyo inayobaki.

Snea ina uhuru zaidi. Mwili wake uko karibu na Hz 200, ukali wake unaanzia Hz 2,000, na juu kabisa kuna ule mchachariko wa waya ambao ni kelele tupu. Sehemu hizo tatu zinaweza kutoka sehemu tatu, na juu yake yakaongezwa makofi. Hapa ule usahihi wa milisekunde unageuka. Umati unapopiga makofi, mikono haikutani kwa wakati mmoja. Mmoja anatangulia, mwingine anachelewa kidogo, na ule mtawanyiko ndio unaoliambia sikio kwamba watu ni wengi. Waliotengeneza TR-808 walilijua hilo. Makofi yake ni kelele iliyokatwakatwa kuwa milipuko midogo inayofuatana upesi, na baada yake mwangwi mfupi. Kwa hiyo ukiweka makofi juu ya snea, usiyabane. Yaache yachelewe milisekunde 10 au 15. Makofi ya kina mama kwenye ngoma ya harusi, yaliyorekodiwa na watu sita au saba waliosimama umbali tofauti kutoka kwenye maikrofoni, yatakupa upana ambao folda yoyote ya kununua haitakupa.

Vivyo hivyo kayamba. Haihati (matasa madogo ya dramu) ya kompyuta ikirudia mlio uleule mara mia mbili, sikio huchoka kabla ya ubeti wa pili. Weka chini yake kayamba ya pwani iliyotikiswa na mtu halisi kwa muda wa wimbo mzima, bila kukata na kurudia, na ile haihati ngumu inaanza kupumua. Mkono wa mtu hautikisi mara mbili sawasawa. Ukizipitisha zote mbili kwenye njia moja na kuzibana pamoja kwa kompresa kwa kiasi kidogo, zinashikana.

Amapiano, iliyotoka Afrika Kusini na kuingia kwenye nyimbo zetu kwa kasi, imeleta ugumu mwingine ambao bado naona watu wanahangaika nao. Ile sauti yake maarufu, logi dramu, iliyopatikana kwenye kinanda cha DX10 ndani ya FL Studio, ni ngoma na besi kwa pamoja. Ina mgongano wa mbele na ina noti ya chini, inapanda na kushuka. Ukiipandanisha na kiki nzito ya Bongo Fleva, unakuwa na wenye nyumba wawili. Nyimbo nyingi za Afrika Kusini zimeutatua kwa heshima: kiki ni laini na fupi, inatunza muda tu, na logi dramu ndiyo inayozungumza. Baadhi yetu tunataka zote mbili ziwe kubwa. Kuna njia ya katikati, ya kuishusha logi dramu kwa kompresa kila kiki inapopiga, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha kuiachia. Inasaidia, lakini haiondoi haja ya kuamua ni nani mkubwa.

Jambo moja katika ufundi huu linanikera kuliko yote, nalo ni kusahauliwa kwa mpigaji. Clyde Stubblefield alipiga dramu kwenye “Funky Drummer” ya James Brown, iliyotoka mwaka 1970, na mapigo yake yamekatwa na kubandikwa kwenye idadi ya nyimbo isiyohesabika. Hakuandikwa kuwa mtunzi, na mirabaha ya nyimbo hizo haikumfikia. Alifariki mwaka 2017. Gregory Coleman wa The Winstons alipiga zile sekunde chache za “Amen, Brother” mwaka 1969, sekunde ambazo zilizaa aina nzima ya muziki wa dansi nchini Uingereza. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Kiongozi wa bendi yao, Richard Spencer, alikuja kuchangiwa paundi 24,000 na wapenzi wa muziki mwaka 2015, kwa hiari yao. Nyuma ya kila faili lenye jina la namba ndani ya folda kuna uwezekano wa mkono kama huo.

Tunaweza kufanya tofauti na ngoma zetu, kwa sababu nyingi bado hazijaingia kwenye folda. Prodyuza wa Dar es Salaam anatumia mamia ya kiki zilizorekodiwa Los Angeles na London, na anaweza kumaliza mwaka bila kugusa chapuo, vumi wala msondo. Sisemi hivyo kwa ajili ya kuonyesha uzalendo. Ni hoja ya sauti. Mgongano wa kiganja kwenye ngozi ya chapuo una mahali pake kati ya masafa, pakavu na pa karibu, ambapo kijiti cha plastiki hakipafiki, na ni sauti fupi kiasi cha kutosha kabisa kwenye zile milisekunde 62 za singeli. Vumi, kwa tumbo lake, inaweza kukaa pale pa katikati ambapo TR-808 haina kitu.

Kurekodi hakuhitaji studio kubwa. Kunahitaji chumba kilichotulia, magodoro au mablanketi ukutani, na mpigaji aliyeachiwa muda wa kuipasha moto ngoma yake. Kama ngoma iko wazi chini, weka maikrofoni moja umbali wa kiganja kimoja juu ya ngozi na nyingine kwenye mdomo wa chini. Ile ya juu itakupa kiganja, ya chini itakupa ngurumo. Kumbuka kwamba ngozi ikishuka inaikimbia ya juu na kuielekea ya chini, kwa hiyo mawimbi ya maikrofoni hizo mbili huja yamepingana, geuza moja. Mwombe apige pigo moja, asubiri mlio uishe wenyewe, ndipo apige jingine. Apige kwa nguvu, kwa wastani, kwa ncha za vidole, katikati ya ngozi na ukingoni, mara nyingi kila namna, kwa sababu mapigo mawili hayafanani na utazihitaji tofauti hizo. Mwisho mwache apige anavyopiga ngomani, dakika tano bila kumwelekeza, nawe uendelee kurekodi.

Kabla hajaondoka, mkubaliane kwa maandishi: analipwa kiasi gani leo, na nini kitatokea sauti zake zikiuzwa au zikiingia kwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mtumbuizaji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ipo. Na unapozipa faili majina, andika ngoma, mahali ilipopigwa, na jina kamili la aliyeipiga.